Frederick Jones, Fundi wa Baridi

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Kila nifungapo nyaya za kidhibiti joto katika chumba cha nyama, humkumbuka Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi.

Alizaliwa Cincinnati mwaka 1893, akaacha shule angali mtoto. Mwaka 1912 alifika Hallock, Minnesota, akawa fundi wa mashine za shamba, huku akijisomea vitabu vya umeme.

Zamani hizo nyama ndani ya lori ilitegemea barafu. Barafu ikiyeyuka, nyama huoza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Jones aliunda mtambo wa baridi wa lori, uliostahimili mitikisiko ya barabara. Mwaka 1960 akapewa hati ya uvumbuzi wa kidhibiti joto. Alifariki mwaka 1961.

Vidhibiti nivifungavyo leo ni vya elektroniki, lakini kazi ni ile ile: joto likipanda, mtambo huwashwa; baridi ikitosha, huzimwa, pasipo mkono wa mtu.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, yeye alijifunza bila mwalimu. Sisi tuliopewa walimu tuna udhuru gani?