George Cadbury

George Cadbury (19 Septemba 1839 – 24 Oktoba 1922) alikuwa mfanyabiashara wa Uingereza aliyeongoza kampuni ya chokoleti ya Cadbury mjini Birmingham. Anajulikana hasa kwa kuanzisha kijiji cha Bournville na kwa juhudi zake za kuboresha hali ya wafanyakazi. Hata hivyo, kampuni yake ilinunua kwa miaka mingi kakao iliyolimwa na watu waliokuwa karibu sawa na watumwa. Kwa sababu hiyo maisha yake hutajwa mara nyingi katika masomo ya uongozi na maadili ya biashara.

Maisha ya awali

George alizaliwa Edgbaston, Birmingham, akiwa mtoto wa John Cadbury na Candia Barrow. Familia yake ilikuwa ya Waquaker, yaani Jumuiya ya Kidini ya Marafiki, Wakristo wanaopinga vita na kusisitiza uaminifu katika biashara. Waquaker wa Uingereza walikuwa pia kati ya watu wa kwanza kupinga utumwa.

Mwaka 1861 George na kaka yake Richard walichukua uongozi wa kiwanda cha baba yao, ambacho kilikuwa kikipata hasara. Walitumia urithi wa mama yao kukiokoa. Wakati huo watengenezaji wengi walichanganya unga wa kakao na wanga ili kupunguza mafuta yake. Mwaka 1866 ndugu hao walianza kutumia mashine ya kukamua mafuta iliyotoka Uholanzi, wakauza kakao safi isiyochanganywa. Hapo ndipo biashara ilipoanza kukua.

Bournville

Kwa miaka mingi George alifundisha siku za Jumapili katika shule ya watu wazima ya mtaa wa Severn, Birmingham. Wanafunzi wake walikuwa vibarua waliojifunza kusoma na kuandika pamoja na Biblia. Alipowatembelea nyumbani aliona vyumba vyao vyenye giza na msongamano, akaamini kwamba ni vigumu kumbadilisha mtu bila kubadilisha mahali anapoishi.

Mwaka 1879 kiwanda kilihamishwa nje ya mji, mahali palipoitwa Bournville. Wafanyakazi walipata viwanja vya michezo, mahali pa kuogelea na mapumziko ya nusu siku kila Jumamosi. Kuanzia mwaka 1895 George alijenga nyumba zenye bustani, na hazikuwa kwa wafanyakazi wake tu. Mwaka 1900 aliziweka zote chini ya wakfu, hivyo zikaacha kuwa mali yake. Utaratibu wa Bournville ulikuwa na masharti pia: baa hazikuruhusiwa kijijini, na wanawake walipoolewa walipaswa kuacha kazi kiwandani.

Richard alifariki mwaka 1899, na George akawa mwenyekiti wa kampuni.

Agizo la Malkia

Mwaka 1899, wakati wa Vita vya Makaburu, Malkia Victoria aliagiza makopo ya chokoleti ili yatumwe kwa askari wa Uingereza huko Afrika Kusini. George alipinga vita hivyo, lakini kukataa agizo kungewanyima wafanyakazi kazi. Aliamua kulikubali bila kupata faida. Mwaka 1901 alinunua hisa katika gazeti la Daily News, ambalo chini yake lilipinga vita na kutetea pensheni za wazee.

Kakao ya São Tomé

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ilipata karibu nusu ya kakao yake kutoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyokuwa koloni la Ureno. Vibarua wa mashamba yale waliletwa kutoka Angola. Kisheria walikuwa na mikataba ya miaka mitano, lakini wengi walikuwa wamekamatwa au kununuliwa bara, na karibu hakuna aliyerudi kwao.

Habari hizo ziliifikia kampuni mwaka 1901. William Cadbury, mtoto wa Richard, alikwenda Lisbon mwaka 1903 kuzungumza na wakuu wa Ureno. Mwaka 1905 Joseph Burtt alitumwa kufanya uchunguzi, na taarifa yake ya mwaka 1907 ilithibitisha mabaya yale. Muda wote huo kampuni iliendelea kununua, ikisema kwamba mnunuzi ana nguvu ya kudai mabadiliko, na akiondoka ataipoteza.

Mwezi Septemba 1908 gazeti la Standard lilishambulia kampuni katika tahariri yake. Lilionyesha kwamba Daily News ililaumu jinsi vibarua Wachina walivyotendewa katika migodi ya Afrika Kusini, huku mmiliki wake akifaidika na jasho la watu wa Angola. Kampuni ilifungua kesi ya kashfa. Kabla kesi haijasikilizwa, Machi 1909, ilitangaza kususia kakao ya visiwa hivyo pamoja na kampuni za Fry na Rowntree. Ikageukia kakao ya Pwani ya Dhahabu (leo Ghana), iliyolimwa na wakulima Waafrika katika mashamba yao wenyewe.

Kesi iliendeshwa Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Cadbury walishinda, lakini fidia waliyopewa ilikuwa farthingi moja tu, yaani robo ya peni. Wengi walielewa kwamba kampuni imetetewa na sheria bila kusafishwa kabisa.

Kifo na urithi

George Cadbury alifariki Birmingham mwaka 1922. Wakfu wa Bournville unaendelea hadi leo.

Mjukuu wake Adrian Cadbury, aliyekuwa pia mwenyekiti wa kampuni, alisimulia habari ya agizo la Malkia katika makala kuhusu maadili iliyotolewa na jarida la Harvard Business Review mwaka 1987. Mwaka 1992 aliongoza kamati iliyotoa taarifa maarufu kuhusu usimamizi wa makampuni nchini Uingereza.

Katika kufundisha maadili ya biashara, kisa cha São Tomé huibua swali ambalo bado halijapitwa na wakati: mnunuzi anayejua ubaya wa mahali bidhaa inakotoka anaweza kungoja kwa muda gani akijaribu kurekebisha mambo, kabla ya kungoja kwenyewe kuwa kushiriki? Kwa kampuni ya Cadbury muda huo ulikuwa takriban miaka minane, na gharama yake ililipwa na vibarua waliobaki mashambani.