Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyeona kwa macho ya wenzake

Huku kwetu mtoto akivimba taya, watu husema mengi. Mmoja husema ni jino, mwingine husema ametupiwa uchawi, na siku zinapita. Lakini iko kansa moja ya watoto inayoanza hivyo hivyo. Hukua upesi sana, ila mtoto akifikishwa mapema penye dawa anaweza kupona. Kansa hiyo huitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda. Tuyaangalie maisha yake, maana yana neno kwa wote wanaohudumia wagonjwa.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, na saa za mapumziko alichunguza ndege na kuchora ramani za mahali kila mmoja anapokaa. Denis alipokuwa na miaka 11, watoto walikuwa wakirushiana mawe, jiwe likampiga, akapoteza jicho moja. Alikwenda Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Huko aliingia katika kikundi cha wanafunzi waliokuwa wakisali pamoja, akamkabidhi Kristo maisha yake, akaacha uhandisi na kusomea udaktari.

Alipoomba kazi katika Afrika ya Magharibi, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa vita alitumika kama daktari wa jeshi, akafika Kenya. Mwaka 1946 alirudi Afrika, akawekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita aone mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona jambo la namna hiyo, wala hakuweza kumsaidia. Baada ya majuma machache, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Alipompima, akakuta uvimbe tumboni pia. Hapo akaelewa kwamba hii si ajali ya mtoto mmoja. Akarudi kwenye vitabu vya kumbukumbu vya Mulago, akakuta watoto wengine wengi walioandikiwa majina mbalimbali ya ugonjwa, kumbe ni ugonjwa mmoja.

Sasa angefanya nini? Hakuwa na maabara kubwa wala fedha. Msaada wa kwanza aliopata ulikuwa paundi 25 tu. Alichapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misioni katika Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona ugonjwa huu. Majibu yakaja, na kila jibu likawekwa kwenye ramani. Ukaonekana mkanda unaokata katikati ya Afrika, wenye mkia unaoshuka upande wa mashariki.

Mwezi wa Oktoba 1961 aliamua kwenda kuwatembelea hao wenzake. Alifuatana na madaktari wawili, Cliff Nelson na Ted Williams. Williams alikuwa mmisionari wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, si mbali na mpaka wetu. Kwa gari lililokwisha kutumika walisafiri majuma 10, karibu kilomita 16000 kwenda na kurudi, hadi Afrika ya Kusini, wakipita kwenye hospitali karibu 60. Waligundua kwamba ugonjwa hupatikana penye joto na mvua, na hupungua milimani.

Burkitt alidhani mbu ndiye anayebeba virusi vya ugonjwa huo. Hakuwa amepata ukweli wote, lakini hakuwa mbali nao. Katika mwaka ule ule wa 1961 alizungumza London, na Anthony Epstein alikuwa kati ya waliosikiliza. Burkitt akawa anamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza virusi vipya. Virusi hivyo huenea kwa watu duniani kote bila mbu. Baadaye ikaonekana kwamba malaria, ambayo mbu huileta, huwafungulia njia katika mwili wa mtoto. Tena madaktari kutoka New York walileta dawa za kujaribu, na watoto ambao kisu hakikuweza kuwasaidia wakaanza kupona.

Burkitt alirudi Uingereza, akatumia njia ile ile ya kuwaandikia madaktari wa hospitali za vijijini ili kuchunguza chakula na magonjwa ya tumbo. Akawafundisha watu wa Ulaya faida ya chakula ambacho hakijakobolewa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Wapendwa, Paulo alifundisha kwamba mwili una viungo vingi na kila kimoja kinahitaji kingine. Burkitt aliishi hivyo katika kazi yake. Muuguzi aliye peke yake kwenye kituo cha afya, usione haya kumuuliza mwenzako wa hospitali kuu. Daktari wa hospitali kuu, usimdharau anayekuuliza, na mgonjwa akiisha kutibiwa, mjulishe aliyemtuma. Hospitali za makanisa yetu zisifichane wanachojua kwa sababu ya tofauti za jumuiya. Nasi wachungaji, tukimwona mtoto mwenye taya iliyovimba, tumwombee na siku hiyo hiyo tumsindikize hospitali. Kule Mulago mtoto wa kwanza hakupata msaada. Waliokuja baada yake waliupata, kwa sababu madaktari waliandikiana.