Laplace: Mwana wa mkulima aliyetafuta asili ya Jua

KILA mwaka ifikapo Novemba, wakati wakulima wa mtama na uwele wa Dodoma wakisubiri mvua za msimu wao mmoja, Kilimia huchomoza mashariki mapema jioni. Jina la kundi hilo la nyota limetokana na kulima.

Wasichokijua wengi ni kwamba nyota za Kilimia bado ni changa, na kwamba kasi ya kujizungusha kwake imesaidia kujibu swali lililoachwa na mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre-Simon Laplace.

Laplace alizaliwa Machi 23, 1749 katika kijiji cha Beaumont-en-Auge, Normandy. Baba yake, mkulima na mfanyabiashara wa pombe ya matufaha, alitaka mwanawe awe mtu wa kanisa. Akiwa na miaka 16 kijana huyo alikwenda Chuo Kikuu cha Caen kusomea teolojia, lakini huko akavutiwa na hisabati.

Baadaye alikwenda Paris, ambako mwanahisabati maarufu d'Alembert alitambua kipaji chake na kumtafutia kazi ya kufundisha katika shule ya kijeshi. Mwaka 1773, akiwa na umri wa miaka 24, aliingia katika Akademia ya Sayansi. Miaka 12 baadaye alikuwa mtahini wa kijana mmoja aliyeitwa Napoleon Bonaparte.

Mapinduzi ya mwaka 1789 yaliwaweka wasomi katika hatari. Laplace aliihamisha familia yake kutoka Paris mwaka 1793. Mwanakemia Lavoisier, aliyefanya naye utafiti kuhusu joto, alikatwa kichwa Mei 1794.

Mwanasayansi huyo alikuwa pia miongoni mwa wataalamu walioandaa vipimo vya mita na kilo, ambavyo leo hutumika hata katika soko la Majengo mjini Dodoma. Mwaka 1799 Napoleon alimteua kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, lakini alimwondoa baada ya wiki sita tu.

Hata hivyo, wazo lake lililozua mjadala mrefu lilitoka mwaka 1796. Laplace alieleza kuwa Jua lilianza likiwa wingu kubwa la moto lililojizungusha polepole. Lilipopoa lilisinyaa, likaongeza kasi na kuacha pete zilizogeuka kuwa sayari. Mwanafalsafa Immanuel Kant alikuwa ameandika wazo linalokaribiana na hilo mwaka 1755.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Jiwe linalozungushwa kwa kamba huongeza kasi kamba inapofupishwa. Vivyo hivyo, wingu linaposinyaa na kuwa nyota, nyota hiyo hutakiwa kujizungusha kwa kasi kubwa mno. Lakini Jua, lenye zaidi ya asilimia 99 ya uzito wote wa mfumo wake, huchukua takriban siku 25 kujizungusha mara moja kwenye ikweta yake, na sehemu kubwa ya nguvu ya mzunguko imo katika mwendo wa sayari.

Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wengi waliiweka kando nadharia ya Laplace.

Ilirejea baadaye, ikiwa imefanyiwa marekebisho. Katika miaka ya 1990, darubini ya Hubble ilipiga picha za sahani za gesi na vumbi zikizizunguka nyota changa katika wingu la Orion. Imebainika kuwa nguvu ya sumaku ya nyota changa huishika sahani hiyo, na mshiko huo hufanya kazi kama breki. Nyota husinyaa, lakini mwendo wake hauongezeki kama inavyotarajiwa.

Sahani hudumu kwa miaka milioni chache tu. Nyota inayoipoteza mapema huachiwa huru na kuongeza kasi, na inayobaki nayo kwa muda mrefu huendelea polepole. Vipimo vya chombo cha Kepler vya mwaka 2015 vilionyesha tofauti kubwa ya kasi katika Kilimia, ambacho kina umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Baadhi ya nyota zake hujizungusha mara moja kwa muda usiofika siku moja, nyingine huchukua siku kadhaa.

Baada ya sahani kutoweka, upepo unaotoka kwenye nyota yenyewe huendelea kuipunguzia kasi kwa mabilioni ya miaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Jua. Wataalamu bado wanajadili ni kiasi gani cha kazi hiyo hufanywa na sahani na kiasi gani na upepo.

Laplace alifariki dunia mjini Paris Machi 5, 1827, akiwa na umri wa miaka 77, bila kujua kwamba wazo lake lingezikwa na kufufuliwa. Pete zake hazikuthibitika. Lakini wingu linalosinyaa, likajizungusha na kuzaa sayari, ndilo msingi wa elimu ya kuzaliwa kwa nyota inayofundishwa hadi leo.