Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Toka Ruanda mpaka pwani ni safari ndefu, na mtoto akaaye Mbozi au Tunduma aweza kudhani kuwa mambo ya Unguja hayamhusu. Lakini mwanamke tutakayemsimulia hapa, ingawa alizaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na ya mama yake Uzigua. Ukoo wake ulikuwa wa watumwa, naye alipozaliwa akapewa jina Mtumwa. Fikiri, msomaji, kuitwa jina hilo kila siku kisimani na njiani!

Hakupelekwa shule. Alijifunza kufinyanga vyungu, akavichukua kichwani mpaka mjini kuviuza, huku akinadi kwa kuimba, na wanunuzi wakaitambua sauti yake tangu mbali. Mwaka 1897 sheria iliondoa utumwa Unguja. Walakini kila mtumwa ilimpasa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na dharau haikuondoka kwa sheria. Hata alipokwisha kupata sifa, wenye kumhusudu walimwimbia kwa kejeli kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, nguo ya watumwa.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsini akamfundisha uimbaji na ngoma za taarabu, na watu wakaanza kumwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Aliimba katika majumba ya wakubwa, lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa Ng'ambo, walikokaa wachukuzi, wavuvi, na wale waliokuwa watumwa zamani.

Nyumbani kwake watu walikutana usiku wakaongea habari za mji: nani katozwa faini, nani kafungwa, nani kaachiliwa. Habari hizo zikawa nyimbo. Mashuhuri kupita zote ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuja kutembea kutoka bara, alitoka na wenziwe kwenda kucheza. Kijiti akamchukua mpaka maguguni, akamwua. Kisha akavuka bahari, akatoroka. Kesi ilipofika mbele ya jaji, wenziwe marehemu wakaja kutoa ushahidi. Jaji akaghadhibika, akawalaumu wao, kwa kuwa walikwenda na mgeni penye ulevi. Basi mashahidi wakatiwa gerezani, na mwuaji akabaki huru ng'ambo ya pili ya bahari. Yaonekana jaji aliwatazama wanawake hao, akaona ulevi tu. Hakuona kwamba walikuwa wamefiwa.

Siti hakuwa na uwezo wa kuwafungulia. Aliimba tu. Akamtaja mwuaji kwa jina lake, akawataja na mashahidi, akaeleza hasira ya jaji kitini pake. Tangu hapo kila aliyeusikia wimbo alijua ni nani aliyeua na ni nani waliofungwa.

Wimbo mwingine ulimhusu mtu mwenye cheo aliyezoea kuwadhulumu wasiojua kusoma, akahukumiwa kifungo cha kazi ngumu. Siti mwenyewe hakujua kusoma, na jirani zake wengi kadhalika. Si ajabu kwamba wimbo huo ulipendwa mno Ng'ambo.

Mwaka 1928 Siti na wenziwe wapigaji walisafiri kwa meli mpaka Bombay, katika Bara Hindi, na huko nyimbo zao zikanaswa katika sahani za santuri. Sahani hizo zikauzwa kwa maelfu, zikalia madukani na barazani pwani nzima, hata bara. Watu ambao hawajapata kuiona Unguja wakayasikia mambo ya Ng'ambo, tena kwa Kiswahili, ambapo zamani taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu.

Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Mshairi Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake, na jina alilolitia juu ya kitabu hicho si lile alilopewa Fumba, bali Siti binti Saad.