Kapteni Joubert, Mjenzi wa Maboma ya Tanganyika

Ludovic Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, Ufaransa ya magharibi. Taifa lake lilijulikana kwa ujenzi wa ngome. Karne mbili kabla yake, Vauban, jemadari wa mfalme Louis XIV, alikuwa ameizungushia mipaka ya nchi kuta zilizopangwa hivi kwamba kila upande uliweza kulindwa kutoka upande mwingine. Lakini kijana Joubert hakwenda kulinda mipaka ya mfalme. Mwaka 1860, akiwa na miaka 18 tu, aliingia katika jeshi la Baba Mtakatifu, na mwaka huo huo akajeruhiwa vitani Castelfidardo. Alidumu katika utumishi huo mpaka Roma ilipotekwa mwaka 1870, na jeshi lile likavunjwa.

Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ikiziharibu nchi za ziwa Tanganyika. Vijiji vilichomwa moto, na watu wakafungwa minyororo wakapelekwa Ujiji, kisha pwani ya bahari. Mwaka 1881, huko Rumonge, mapadre wawili, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na msaidizi wao D'Hoop, kwa sababu walikataa kumrudisha mtoto aliyekombolewa utumwani. Ikaonekana wazi kwamba mkimbizi asiye na ukuta wa kujificha nyuma yake hana kimbilio.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alimwita Joubert awe mlinzi. Mwaka 1880 kapteni alianza safari ya kwenda ziwani, akawasaidia mapadre kaskazini, katika misioni za Mulweba na Kibanga. Baadaye alirudi Ulaya. Lakini alikwenda tena ziwani. Mwaka 1887 alifika Mpala, kusini zaidi katika pwani hiyo hiyo ya magharibi. Hapo palikuwa na boma lililojengwa na Storms, Mbelgiji, mwaka 1883, ambalo Mapadre walikuwa wamekabidhiwa mwaka 1885.

Maboma ya ziwani hayakuwa na mawe ya kuchongwa kama yale ya Vauban. Yalijengwa kwa udongo na miti ya nchi. Ukuta mnene wa udongo humeza risasi. Adui wake ni mvua inayoumomonyoa, na moto unaoshika nyasi za paa. Kwa hiyo boma la namna hiyo lilitaka mikono ya watu kila mwaka, na macho ya watu kila usiku. Joubert aliwafundisha vijana wa nchi kulilinda, kisha akaanzisha kijiji cha Wakristu huko Mrumbi, kilichoitwa Mtakatifu Ludoviko. Mwaka 1888 alimwoa kwa Sakramenti ya Ndoa Agnes, binti wa nchi ile. Hakurudi tena Ulaya.

Mikono ya Rumaliza, bwana wa Ujiji, ilikuwa imefika hata Uvira. Joubert na watu wake wachache walizungukwa na hatari kwa miaka mingi, wakipungukiwa baruti. Mwisho wa mwaka 1891 msafara wa Kapteni Jacques ulileta msaada, na mwanzoni mwa mwaka 1894 nguvu ya Rumaliza ilivunjika. Hapo askari huyo mzee angeweza kurudi kwao akapate sifa. Alikaa na watu wake mpaka alipofariki, tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85.

Mwanawe Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, alipata upadre. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, Padri Albert aliuawa Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè; siku hiyo hiyo waliuawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Padri Albert hakuwa na bunduki wala boma. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, wote wanne walitangazwa wenye heri.

Baba alisimama ukutani ili wanyonge wapate kuishi. Mwana alisimama bila ukuta, asiwaache kondoo wake. Silaha za hao wawili hazikufanana, lakini upendo ulikuwa mmoja. Udongo wa boma hurudi kuwa udongo. Mtu aliyekombolewa huzaa watoto, nao huwafundisha watoto wao ishara ya msalaba. Ukuta huo hakuna mvua inayoweza kuubomoa.