Larbi Benbarek

Larbi Benbarek (16 Juni 1914 – 16 Septemba 1992) alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Moroko aliyeichezea timu ya taifa ya Ufaransa. Alijulikana kwa jina la utani la "Lulu Nyeusi" miaka mingi kabla jina hilo halijapewa Pelé wa Brazil. Anahesabiwa kuwa mmoja wa wachezaji wa kwanza kutoka Afrika kuwa nyota wakubwa katika Ulaya. Vitabu kadhaa vinataja mwaka wake wa kuzaliwa kuwa 1917 badala ya 1914.

Maisha ya awali

Benbarek alizaliwa Casablanca katika familia maskini. Wakati huo Moroko ilikuwa nchi lindwa ya Ufaransa, hali iliyoanza mwaka 1912 na kudumu hadi 1956. Kama watoto wengi wa mji huo, alijifunza mpira mitaani bila viatu. Alichezea klabu ndogo ya Idéal Club ya Casablanca, kisha akachukuliwa na Union Sportive Marocaine, mojawapo ya klabu kubwa za mji. Klabu hiyo ndiyo iliyomlea baadaye Just Fontaine, mfungaji wa mabao 13 katika Kombe la Dunia la 1958.

Marseille na vita

Mwaka 1938 Benbarek alivuka bahari na kujiunga na Olympique de Marseille. Katika msimu wake wa kwanza timu hiyo ilimaliza ligi ikiwa ya pili nyuma ya Sète. Mashabiki wa Marseille, mji wa bandari wenye watu wa asili nyingi, walimpenda mara moja.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, ligi ya kulipwa ilivurugika naye akarudi Casablanca. Huko aliendelea kuichezea Union Sportive Marocaine katika mashindano ya Afrika ya Kaskazini. Hivyo miaka ambayo mchezaji huwa katika kilele cha nguvu zake, Ulaya haikumwona.

Stade Français

Baada ya vita, mwaka 1945, alisajiliwa na Stade Français ya Paris. Kocha wake alikuwa Helenio Herrera, mzaliwa wa Argentina aliyekulia Casablanca, ambaye baadaye alipata sifa kubwa akiwa na Inter ya Milano. Benbarek alicheza hapo hadi 1948. Atlético Madrid ilipomnunua kwa faranga milioni 17, kiasi kikubwa sana kwa wakati ule, wapenzi wa mpira Ufaransa walilalamika. Inakumbukwa kwamba gazeti moja liliona afadhali kuuza minara na makumbusho ya Paris kuliko kumwacha Benbarek aondoke.

Atlético Madrid

Miaka mitano ya Hispania, 1948 hadi 1953, ilikuwa ndiyo yenye mafanikio makubwa zaidi. Herrera naye alifika Madrid mwaka 1949, na timu ikatwaa ubingwa wa Hispania mara mbili mfululizo, katika misimu ya 1949–50 na 1950–51. Safu ya mbele ilikuwa na Juncosa, Benbarek, Pérez-Payá, Msweden Carlsson na Escudero. Watu waliiita safu ya kioo. Benbarek alicheza zaidi ya mechi 100 za ligi na kufunga zaidi ya mabao 50, ingawa hakuwa mshambuliaji wa kati. Wahispania walimwita pia "Mguu wa Mungu".

Mwaka 1953 alirudi Marseille. Mwaka uliofuata alifika nayo fainali ya Kombe la Ufaransa, wakafungwa na Nice 2–1.

Timu ya taifa

Benbarek aliichezea Ufaransa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Desemba 1938 mjini Napoli, dhidi ya Italia iliyokuwa bingwa wa dunia. Italia ilikuwa chini ya utawala wa Kifashisti, na uhusiano wake na Ufaransa ulikuwa mbaya. Mchezaji mweusi katika jezi ya Ufaransa alipokewa kwa kelele za kuzomewa. Italia ilishinda 1–0, lakini Benbarek alibaki katika timu.

Alipohamia Hispania, wateuzi wa Ufaransa waliacha kumwita. Kombe la Dunia la 1954 lilichezwa bila yeye, na hakuwahi kushiriki mashindano hayo hata mara moja.

Mnamo Septemba 1954 tetemeko la ardhi liliua watu wengi katika mji wa Orléansville, Algeria. Tarehe 7 Oktoba ilifanyika mechi mjini Paris ya kuchangia waathirika, kati ya Ufaransa na wachezaji teule wa Afrika ya Kaskazini. Waafrika walishinda 3–2. Benbarek, aliyekuwa na umri wa miaka 40 hivi, alicheza vizuri kiasi kwamba watu walidai arudishwe timu ya taifa. Siku tisa baadaye, tarehe 16 Oktoba, alianza mechi dhidi ya Ujerumani Magharibi mjini Hannover. Aliumia akatoka kabla ya mapumziko, na Ufaransa ikashinda 3–1. Wajerumani walikuwa mabingwa wa dunia, kama walivyokuwa Waitalia katika mechi yake ya kwanza.

Kati ya mechi hizo mbili ilipita miaka 15 na miezi 10. Hakuna mchezaji mwingine wa Ufaransa ambaye muda wake katika timu ya taifa umekuwa mrefu hivyo. Hata hivyo, kwa sababu ya vita na ya kusahauliwa, alicheza mechi 17 tu na kufunga mabao 3.

Mtindo wa uchezaji

Benbarek alicheza kama mshambuliaji wa ndani, yaani kati ya winga na mshambuliaji wa kati. Katika mfumo wa siku hizo, mchezaji wa nafasi hiyo alirudi nyuma kuchukua mpira, akawapita mabeki kwa chenga, kisha akatoa pasi ya mwisho au akapiga mwenyewe. Alitumia miguu yote miwili, alituliza mpira kwa mguso laini hata ukija kwa kasi, na alikuwa hodari kwa kichwa. Chenga zake zilitegemea mwili zaidi ya mbio: aliyumbisha kiuno upande mmoja, beki akafuata, naye akatokea upande mwingine. Kwa kuwa hakutegemea kasi peke yake, aliweza kucheza katika kiwango cha juu hadi alipofikia miaka 40.

Baada ya kuacha kucheza

Alimalizia uchezaji Sidi Bel Abbès, Algeria, akiwa pia kocha. Moroko ilipopata uhuru mwaka 1956, alikuwa miongoni mwa makocha wa kwanza wa timu yake ya taifa. Yeye mwenyewe hakupata kuvaa jezi ya taifa huru la Moroko, kwa kuwa uhuru ulikuja akiwa amezeeka kimchezo.

Miaka yake ya mwisho aliishi Casablanca bila mali na bila kukumbukwa sana. Alifariki peke yake nyumbani mnamo Septemba 1992, na siku kadhaa zilipita kabla ya mwili wake kugunduliwa. Mwaka 1998 FIFA ilimtunukia Nishani ya Heshima baada ya kifo chake. Uwanja mmoja wa michezo mjini Casablanca una jina lake.