Bibi Fanny Kemble na Jasho la Watumwa

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii huwatosha watu wengi, lakini mara chache hutokea mtu akaiacha meza iliyoandaliwa, akaenda kutazama chakula kile kimetoka wapi. Mtu wa namna hiyo alikuwa Bibi Fanny Kemble, mwigizaji na mshairi wa Uingereza. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha yake, mema yake pamoja na upungufu wake.

Alizaliwa London tarehe 27 Novemba, 1809, katika ukoo uliojulikana Uingereza nzima kwa kazi ya kuigiza. Baba yake, Charles Kemble, na mama yake pia walikuwa waigizaji. Na shangazi yake, Sarah Siddons, alihesabiwa kuwa mkuu wa wote katika michezo ya huzuni. Binti mwenyewe alipenda zaidi kuandika. Lakini jumba la michezo la Covent Garden, ambalo baba yake alikuwa mmoja wa wenyewe, lilikuwa limezama katika madeni. Basi usiku wa tarehe 5 Oktoba, 1829, akiwa na umri wa miaka 19, alipanda jukwaani akaigiza Juliet katika mchezo wa Shakespeare. Watu walimpenda mno, wakalijaza jumba usiku baada ya usiku, na madeni yakapungua.

Mwaka 1832 alifuatana na baba yake kwenda Marekani, wakaigiza mji hata mji. Huko aliposwa na Pierce Butler, tajiri wa Philadelphia, wakaoana mwezi wa Juni, 1834, naye akaacha jukwaa. Utajiri wa ukoo wa Butler haukutoka Philadelphia. Ulitoka kusini, katika visiwa vya pwani ya Georgia, penye mashamba ya mpunga na pamba yaliyolimwa na mamia ya watumwa wenye asili ya Afrika. Bibi huyo alisema baadaye kwamba alipoolewa hakuwa na habari ya mali hiyo. Mwaka 1836 ilimwangukia mumewe na ndugu yake kwa urithi.

Mwishoni mwa Desemba, 1838, Butler alimchukua mkewe na watoto wao wawili wa kike kwenda mashambani, wakakaa huko mpaka Aprili. Kila alichokiona Bibi Kemble alikiandika. Aliona nyumba ya wagonjwa ambamo wanawake walilala sakafuni, katika giza na uchafu, wengine hawana hata blanketi. Aliona wazazi wakirudishwa kondeni wiki tatu tu baada ya kujifungua. Wakamwendea wakimsihi awaombee kwa bwana wapewe wiki moja zaidi. Aliwauliza kila mmoja amezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa, akaandika majina yao na hesabu yao. Mmoja aliyethubutu kumweleza taabu zake alichapwa viboko kwa sababu hiyo.

Alifanya aliyoweza. Aliisafisha nyumba ya wagonjwa, akawalipa ujira waliomtumikia, akamfundisha kijana mmoja kusoma ingawa sheria ya Georgia ilikataza. Alipeleka maombi ya wanawake wale kwa mumewe, hata mume akachoka, akamkataza asimletee tena. Hakurudi mashambani yale pamoja na mumewe tena.

Ndoa yao ikaharibika. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha mashairi, na mwaka uliofuata akarejea Uingereza. Walipeana talaka mwaka 1849, watoto wakabaki kwa baba yao kama ilivyokuwa desturi ya sheria za siku zile. Yeye akajitafutia riziki kwa kuketi mezani peke yake mbele ya watu na kuwasomea michezo ya Shakespeare, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi katika Uingereza na Marekani.

Lakini maandishi yale ya Georgia yalibaki sandukuni. Mwezi wa Machi, 1859, Butler, aliyeelemewa na madeni ya kamari na biashara, aliwapeleka watu wake mnadani karibu na mji wa Savannah. Kwa siku mbili, mvua ikinyesha, wanaume, wanawake na watoto wapatao 430 waliuzwa, na bei yao ikapita dola 300,000. Mnada huo umebaki katika kumbukumbu kwa jina la Wakati wa Kilio.

Kitabu kilitoka London na New York mwaka 1863, vita vya Marekani vikiwa vimepamba moto, na wakubwa wengi wa Uingereza wakiegemea upande wa wenye watumwa. Wako waliodai kwamba ndicho kilichoizuia Uingereza isiwatambue watu wa Kusini. Huko ni kutia chumvi, kwa maana kilitoka mwezi wa Mei, na Rais Lincoln alikuwa amekwisha kutoa tangazo lake la uhuru tangu tarehe 1 Januari.

Hatuna budi kusema kweli. Bibi Kemble alichelewa miaka 24. Alizuiwa na mumewe, naye alichelea kuwapoteza watoto wake. Lakini Frederick Douglass, mtumwa mtoro aliyeweza kukamatwa na kurudishwa utumwani, alitoa kitabu chake mwaka 1845. Tena, katika kurasa za bibi huyo mna maneno ya dharau juu ya Waafrika, aliyoyarithi kwa watu wa tabaka lake.

Hata hivyo twamheshimu. Wengi walikula mchele ule na kuvaa pamba ile bila ya kuuliza swali. Yeye aliuliza, akaandika jibu pamoja na majina ya waliolitolea jasho, na majina hayo hayakupotea. Alifariki London tarehe 15 Januari, 1893.

Kila mtu anayekula kwa kazi ya wengine anapaswa kuuliza swali lake. Na akisha kulijua jibu, alitamke mapema, kabla ya siku ya mnada.